Medali Upande wa Kulia

Horace Mawer alikwenda Ujerumani mara hamsini na mbili na hakuiona hata siku moja. Kazi yake ilikuwa kukaa nyuma ya pazia ndani ya ndege ya mabomu, taa ndogo juu ya meza, penseli mkononi, akipiga hesabu za upepo na mwendo ili rubani ajue aelekee wapi. Pazia lilikuwa la kuzuia taa isionekane nje. Mabomu yakishaachiwa, alisikia ndege imekuwa nyepesi, akaandika saa, akachora mstari mwingine kwenye ramani, ule wa kurudi nyumbani. Basi. Kwa ukarani huo wa angani Mfalme alimpa nishani mbili za ushujaa, na kijiji cha Skelby, ambacho tangu kiwepo hakijatoa mtu mwingine wa kutajwa, kikamng'ang'ania huyo huyo.

Mwaka ule wa 1962, ungeshuka kwenye basi pale Skelby, kabla hujaweka mzigo chini ungeshaambiwa habari za nishani za Horace. Hakuna ambaye angekuambia kwamba yeye ndiye anayeendesha mashine ya kusukuma maji kwenye mifereji, na kwamba bila yeye mashamba yote ya viazi ya pale yangekuwa ziwa. Hilo halikuwa na utepe wa nishani.

Nishani ya kwanza ilikuwa medali ya fedha yenye umbo la yai. Ya pili ilikuwa msalaba wa fedha. Tofauti yake ni hii, na wenyewe hawaoni haya kukueleza: sajenti akifanya jambo la ushujaa angani anapewa medali, ofisa akifanya jambo lile lile anapewa msalaba. Mizinga ya Wajerumani haikuuliza vyeo, lakini waliogawa nishani waliuliza. Horace aliianza vita akiwa sajenti akaimaliza akiwa ofisa, ndiyo maana akawa nazo zote mbili. Na kuna jingine la kuchekesha zaidi. Medali ya sajenti huchongwa ukingoni namba na jina la mwenyewe, kwa sababu masajenti wanaweza kuibiana. Msalaba wa ofisa hauchongwi jina. Ofisa anaaminika.

Horace aliziweka kwenye kopo la biskuti, chini ya mashati. Zilitoka mara moja kwa mwaka, ile Jumapili ya Novemba ambayo nchi nzima inakumbuka waliokufa vitani. Mkewe, Enid, alizing'arisha Jumamosi kwa dawa ya fedha na soksi kuukuu, akamfungia kifuani asubuhi yake, na Horace akaenda kusimama mbele ya jiwe la kumbukumbu na uso kama mtu anayeumwa jino. Watu walisema ni huzuni ya shujaa. Ilikuwa aibu, lakini Skelby haijui kutofautisha.

Ukitaka kuijua Skelby, sikia hili. Jumapili ile saa tano kamili watu hunyamaza dakika mbili. Mwaka 1951, katikati ya dakika hizo, paa la Stubley muuza nyama lilishika moto, mbele ya macho ya watu wote. Hakuna aliyefungua mdomo. Hata Stubley mwenyewe alisimama ameinamisha kichwa, akilitazama paa lake kwa pembe ya jicho, mpaka dakika zikaisha, ndipo watu wakakimbilia ndoo. Paa lilikwisha kuanguka. Jambo hilo linasimuliwa mpaka leo kwa fahari, eti ndivyo watu wenye adabu walivyo.

Mlinzi mkuu wa adabu hizo alikuwa Meja Tarrant, mwenyekiti wa kamati ya kumbukumbu. Vita yote Meja aliipigana ndani ya ghala la mablanketi huko kaskazini, na ukimsikiliza ungedhani Wajerumani walisalimu amri kwa sababu ya baridi. Alikuja nyumbani kwa Horace Septemba ile, akakalia kiti cha mwenye nyumba bila kuonyeshwa, akanywa chai ya Enid vikombe vitatu.

"Mawer," akasema, "tumepata kabati la kioo kwa ajili ya ukumbi. Nishani zako zitakaa katikati, na lile tangazo la nishani kwenye gazeti la serikali tutaliwekea fremu."

"Zimekaa vizuri kwenye kopo, Meja."

"Kwenye kopo! Bi Enid, unamsikia mumeo?" Meja akacheka, makombo yakamruka. "Na jambo la pili. Barafu imeyala maandishi ya jiwe. Oktoba anakuja fundi kutoka Lincoln kuyachonga upya majina yote. Kazi ya namna hiyo haifanyiki tena mpaka sisi sote tumezikwa."

Horace aliweka kikombe chini. "Majina mangapi?"

"Ishirini na matatu. Kwani yalikuwa mangapi?"

"Na Cyril Epton?"

Meja alimtazama kama mtu aliyemsikia mwenzake akijamba kanisani. "Horace, bwana wangu," akasema polepole, "jiwe lile ni la waliokufa kwa heshima."

Cyril Epton na Horace walikaa dawati moja shuleni, wakaibiana matufaha, wakajiandikisha jeshini siku moja. Walipomaliza mafunzo waliingizwa pamoja na mamia ya vijana kwenye banda kubwa la ndege, wakaambiwa wachaguane wenyewe, saba saba, kila saba wawe na rubani wao. Ndivyo ilivyofanyika, kama kuchaguana kwenye ngoma. Cyril alivuka banda zima kumfuata Horace. Akawa mpiga bunduki wa mkiani, peke yake kwenye kibanda cha kioo nyuma kabisa ya ndege, kwa muda wa saa nane au tisa katika baridi inayogandisha mate.

Safari yao ya ishirini na moja, Machi 1944, risasi ziliingia tumboni mwa ndege na fataki za kuangazia zikawaka humo ndani, hatua chache kutoka kwenye matangi ya petroli. Cyril alitoka kwenye kibanda chake, akazishika zile fataki zikiwaka, moja moja, akazitupa nje kwa mlango. Glavu ziliungua zikagandamana na ngozi. Aliporudi kwenye bunduki yake hakusema neno ila "Imezimika."

Na Horace? Horace alikuwa chini ya meza. Ndege ilipotikisika penseli yake ilianguka, na katika hofu ile akili yake ikashika jambo moja tu, penseli. Aliitafuta kwa magoti mpaka moto ukazimwa. Akaipata, akaketi, akaandika saa.

Wiki mbili Cyril alikaa hospitali na bandeji mikononi. Siku aliyotolewa alipangiwa ndege jioni ile ile. Akaenda kwa mkuu wa kikosi, akasema kwamba yeye hapandi tena. Hakupiga kelele, hakulia, alisema tu kwamba hapandi. Basi alisimamishwa mbele ya kikosi kizima, ofisa mmoja kijana akakata nyuzi za beji ya bawa kifuani mwake kwa wembe, faili lake likagongwa muhuri wa mwoga, akapelekwa kituo kingine akawe kuli wa mabomu. Septemba ya mwaka huo, bomu moja lililipuka kwenye toroli aliyokuwa akiisukuma. Kaburi lake lipo, lakini ndani yake hamna mtu wa kuzungumzia. Muone mwoga huyo.

Sasa wakati Cyril anavuliwa beji, ripoti ya ule moto ilikuwa mezani kwa mkuu wa kikosi, ikingoja kupelekwa juu. Moto ulikuwa umezimwa na ni lazima uwe umezimwa na mtu, na mtu huyo hawezi kuwa mwoga mwenye muhuri. Mkuu wa kikosi hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu wa makaratasi. Akakata jina moja, akaandika jingine. Horace aliyajua hayo siku alipoyasoma gazetini kama watu wengine: Sajenti Mawer, bila kujali maisha yake, aliiacha meza yake na kuukabili moto kwa mikono mitupu.

Tusimwonee huruma mapema. Angeweza kusema siku ile. Mama yake alikuwa amekwisha kuonyesha gazeti mtaa mzima, mchungaji alikuwa amekwisha kulihubiri, na Horace alikuwa na miaka ishirini na miwili, akasema moyoni mwake atasema vita ikiisha. Agosti wenzao watano walipotea na ndege nyingine, yeye akiwa kwenye kozi ya uofisa, na baada ya hapo hakubaki wa kumsuta. Vita ikaisha. Akasema atasema mama yake akifa. Mama akafa. Miaka kumi na minane ikapita namna hiyo, kidogo kidogo, na kila Novemba dawa ya fedha.

Dada yake Cyril, Winnie Epton, alikuwa mpishi wa shule ya Skelby. Watoto wa kijiji kizima walikula mkononi mwake siku tano za wiki, na siku ya Jumapili ile wazazi wao walipita mbele yake kama vile wanapita mbele ya nguzo. Kila mwaka aliandika barua kwa kamati kuomba jina la kaka yake lichongwe. Kila mwaka kamati ilimjibu kwa adabu nyingi sana.

Safari hii Horace alikwenda kikaoni mwenyewe. Walikuwepo Meja, mchungaji, Stubley, na Bi Dawber, mjane, ambaye ndiye aliyekuwa anaandika kumbukumbu za kikao. Chai ilikwisha kumiminwa. Horace alisimama, kofia mkononi.

"Nina neno kuhusu Cyril Epton," akasema. "Moto ule sikuuzima mimi. Aliuzima yeye."

"Kaa, kaa, unywe chai," akasema Meja.

"Sikai. Medali ile ni yake. Mimi nilikuwa chini ya meza."

"Chini ya meza ukifanya nini?" akauliza Stubley.

"Natafuta penseli."

Horace alingoja dhoruba, na kusema kweli aliitamani. Badala yake mchungaji akaanza kutabasamu, tabasamu lile la kubatizia watoto.

"Ndugu zangu," akasema mchungaji, "mmesikia wenyewe. Hivi ndivyo mashujaa wa kweli walivyo."

"Marehemu mume wangu alikuwa hivi hivi," akasema Bi Dawber, akijipangusa macho. "Hakutaka kabisa kusifiwa."

"Mumeo hakuwa na cha kusifiwa," akanong'ona Stubley, lakini alikuwa naye amelegea uso.

"Mimi sijanyenyekea," akasema Horace. "Nasema kilichotokea."

"Ndivyo wanyenyekevu wanavyosema," akajibu mchungaji.

"Sikieni basi. Nilipiga magoti. Nilikuwa natetemeka. Nilijikojolea."

"Eh, na bado akauzima," akasema Bi Dawber, machozi sasa yakimtiririka. Kila alipozidi kujivua, walizidi kumvika.

Meja aligonga meza kwa kijiko. "Horace, umempenda rafiki yako, na hilo ni jambo jema. Lakini iliandikwa kwenye gazeti la serikali na Mfalme akaweka sahihi. Unataka kamati hii iseme Mfalme alidanganya?"

"Mfalme hakuwemo ndani ya ndege, Meja."

"Wala Epton hakuwemo, mwisho wa mambo. Bi Dawber, andika: kamati inampongeza Bwana Mawer kwa unyenyekevu wake. Barua ya Bi Epton, ombi limekataliwa. Tuendelee, suala la mashada ya maua."

Horace alitoka, kofia akaisahau mezani. Ilibidi arudi kuichukua, na wote wakasimama kwa heshima.

Kesho yake alikwenda jikoni shuleni. Winnie alikuwa anakoroga sufuria ya uji wa maziwa na mayai, ule mzito wa njano wa kumwagia juu ya keki, na hakugeuka. Horace alimwambia yote akiwa amesimama mlangoni: fataki, glavu, penseli, gazeti, kikao. Alisema haraka haraka, akiangalia sakafu. Winnie aliendelea kukoroga mpaka mwisho, kwa sababu uji ule ukiuacha unashika chini.

"Miaka kumi na minane, Horace," akasema.

"Najua."

"Huna unachojua. Mama yangu alikufa anaamini amezaa mwoga. Ulikuja mazishini."

"Nilikuja."

"Ulibeba jeneza. Halafu ukaja nyumbani kwangu ukala keki."

"Nilikula, dada Winnie."

"Vipande viwili." Alizima moto wa jiko. "Nikakufungia na cha Enid kwenye karatasi. Na wewe ukakipokea."

Horace alianza kulia. Lilikuwa jambo baya kulitazama, mwanaume wa miaka arobaini amesimama katikati ya masufuria.

"Usinililie jikoni," akasema Winnie. "Nina watoto sitini wa kuwalisha. Kama umekuja nikusamehe, nenda nyumbani, sina nafasi leo. Kama umekuja kufanya kitu, fanya."

"Nimewaambia. Hawasikii."

"Tangu lini Skelby ikasikia? Wale wanatazama makoti tu." Alichukua mwiko akauelekeza dirishani, upande wa nyumba ya Bi Dawber. "Mtazame yule. Mumewe alianguka mferejini amelewa akafa, yuko likizo. Lakini kila mwaka medali zake mbili za kupewa kila mtu anazivaa upande wa kulia, upande wa marehemu, na njia inafunguka mbele yake, kofia zinavuliwa. Hakuna anayemuuliza. Koti limekwisha kusema. Mimi sikuletewa hata kopo tupu." Akarudi kwenye sufuria. "Ondoka sasa, uji unapoa."

Fundi wa Lincoln alikuja Oktoba, akachonga majina ishirini na matatu, akala viazi vya Skelby siku nne, akaondoka. Kati ya Dawber na Farrow, pale ambapo Epton angekaa, palikuwa na nafasi ya kidole kimoja. Horace alikwenda kuitazama jioni moja akitoka kazini, akaigusa, akaenda zake.

Jumapili ilipofika Enid alikuwa na pini mdomoni na koti jeusi la mumewe mbele yake. Msalaba aliufunga kushoto kama kawaida. Alipochukua medali, Horace akamshika mkono.

"Hiyo iweke kulia."

Enid alitoa pini mdomoni. "Kulia ni kwa marehemu. Umechanganyikiwa?"

Ndipo akamwambia na yeye. Enid alikuwa ameolewa naye mwaka wa arobaini na sita, na hakuwahi kusikia habari za penseli. Alikaa kitandani, medali mapajani, akaigeuza akasoma jina la mumewe ukingoni, halafu akaigeuza tena.

"Kwa hiyo miaka yote hii nilikuwa nang'arisha medali ya Cyril."

"Ndiyo."

"Ungeniambia. Ningeing'arisha vizuri zaidi."

"Ulifikiri umeolewa na shujaa," akasema Horace.

"Nilifikiri nimeolewa na mtu mwenye baiskeli. Wengine wote walikuwa wanatembea kwa miguu." Alinyanyuka, akalinyoosha koti, akafunga medali upande wa kulia, sawasawa, kwa urefu ule ule wa msalaba. Mikono yake ilikuwa imara. Kisha akamwambia kwamba ana hasira naye, hasira kubwa, na kwamba watazungumza baada ya chakula.

Wanaume walijipanga mbele ya baa kama kila mwaka, wenye misalaba mbele, wenye medali nyuma yao, wasio na kitu mwisho. Hata kufa kwenyewe Skelby wamekupangia foleni. Meja alipita akikagua mstari, fimbo kwapani. Alipofika kwa Horace alisimama.

"Mawer, mkeo amekosea upande."

"Hajakosea, Meja."

"Hiyo iko kulia."

"Iko kulia."

"Kulia ni kwa marehemu, bwana wewe. Kafa nani?"

"Cyril Epton," akasema Horace, kwa sauti ya kawaida, lakini mstari mzima ukasikia.

Mwezi Septemba alisema maneno mengi zaidi ya hayo na wakamsifu. Safari hii hakuna aliyetabasamu. Stubley aliitazama medali, akatazama jiwe, akatazama viatu vyake. Bi Dawber, aliyekuwa pembeni na wanawake, alijishika kifua upande wa kulia bila kujua anafanya nini. Mtu anaweza kujidharau kwa maneno siku nzima, hiyo ni adabu. Lakini nishani ya ushujaa kuivaa upande wa kulia, mbele ya jiwe, hakuna mtu wa pale anayefanya hivyo kwa mzaha.

Meja aliishika medali akaipindua ukingo. "Hapa pamechongwa jina lako."

"Walikosea."

"Serikali haikosei majina."

"Ilipata jina la mtu wa penseli, Meja."

Uso wa Meja ulibadilika rangi mpaka masikioni. Alitafuta, na kwa sababu alikuwa mtu wa kanuni, akapata kanuni. "Kulia anavaa ndugu wa damu," akasema. "Mjane, mtoto, mzazi, ndugu. Wewe si ndugu yake. Ihamishe kushoto ilipo haki yake, au utoke kwenye mstari."

Horace aliifungua medali. Watu wakashusha pumzi, wakadhani mambo yamekwisha, shujaa amerudi kwenye akili zake. Akatoka kwenye mstari, akavuka barabara.

Winnie alikuwa amesimama mahali pake pa miaka yote, karibu na sanduku la posta, koti la kijivu, mkoba mikononi. Horace alisimama mbele yake na medali kiganjani. Hakuwa na hotuba.

"Niruhusu," akasema.

Winnie aliitazama medali. Kisha akashusha mkoba. Vidole vya Horace vilikuwa vinacheza na pini ilikataa kuingia kwenye kitambaa kizito.

"Usinichome," akasema Winnie.

"Samahani, dada."

"Ulivyochelewa, na bado unatetemeka." Akaisaidia pini kwa kidole gumba, ikaingia. Upande wa kulia.

Horace akageuka. "Ndugu wa damu huyu hapa, Meja," akasema ng'ambo ya barabara.

Meja aliikaza fimbo kwapani. Kanuni ilikuwa yake. Winnie alivuka barabara na mkoba wake, viatu vyake vya jikoni vikigonga lami, akaja moja kwa moja mpaka mbele ya jiwe, walipo wajane. Wajane walitazamana. Bi Dawber, sijui ni hofu au ni nini, akasogea, nafasi ikapatikana. Mzee mmoja nyuma alivua kofia kwa mazoea tu, alipoona utepe upande ule, na wa pili yake akavua kwa sababu wa kwanza amevua. Hiyo ndiyo Skelby.

Kwa kawaida Horace ndiye aliyesoma majina. Sasa alikuwa amesimama ng'ambo karibu na sanduku la posta, ametolewa mstarini, na Meja ikabidi asome mwenyewe. Alisoma haraka kwa sababu muda ulikuwa umekwenda na saa ya kanisa haimngoji mtu. Allenby. Barr. Coulson. Dawber. Alipotoka kwa Dawber alisita nukta moja, kisha akasema Farrow, na sauti yake ilikuwa ngumu. Horace alijipapasa kifua. Koti lake lilikuwa jepesi upande wa kulia na hakuna kilichobadilika. Medali imehama, jina bado liko nje. Aliona Enid kati ya wanawake, anamtazama Winnie.

Meja alifika Yarrow, la ishirini na tatu. Akakunja karatasi. Mshale mkubwa wa saa ya kanisa ulikuwa umebakiza unywele kufika juu, na ndani ya mnara mashine ilianza kukoroma kama inavyokoroma kila mara kabla haijagonga.

"Na Cyril Epton," akasema Winnie.

Hakupaza sauti. Alilitaja kwa sauti yake ya kuwaita watoto wenye sahani tupu, inayofika mpaka meza ya mwisho. Meja alimgeukia, kidole kimekwisha kunyanyuka, mdomo umekwisha kufunguka, na saa ikagonga pigo la kwanza la saa tano.

Kidole kikashuka, mdomo ukafungwa, na Skelby nzima ikainamisha vichwa na kunyamaza, kwa sababu hata paa likiungua pale mtu hasemi. Jina la Epton lilikuwa la mwisho kutajwa, na kwa dakika mbili hapakuwa na ruhusa ya kulikanusha. Meja alisimama ameng'ata taya mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Horace alihesabu dakika kwa mazoea ya kazi ya zamani. Winnie hakuinamisha kichwa. Alimtazama Meja dakika zote mbili.